Beleshi la Wybren

Hapo zamani, zamani ya watu wa mbali, kaskazini kabisa ambako jua la majira ya baridi huchungulia tu na kuondoka, palikuwa na nchi iliyo chini ya bahari. Msinicheke. Nasema chini ya bahari: ukisimama shambani, mawimbi yako juu ya kichwa chako, na kati yako na mawimbi hamna kitu ila tuta refu la udongo. Nchi hiyo ni ya Wafrisia, watu warefu, wabishi, wapenda siagi, wasiopenda kuamriwa na mtu.

Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wale hata nafasi ya kujenga ukuta hawakuwa nayo. Ufa wa asubuhi usipozibwa, jioni hamna kijiji. Ndiyo maana sheria ya tuta iliogopwa kuliko sheria ya kanisa. Kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta, pale shamba lake linapokutana na bahari, na akizembea yeye wanakufa maji wote. Kwa hiyo mtu akishindwa kukitunza kipande chake, alipanda juu ya tuta, akachomeka beleshi lake udongoni, akaenda zake bila kugeuka. Beleshi likisimama limesema: mwenyewe ameshindwa. Na yeyote atakayeling'oa, awe nani, shamba ni lake na mzigo wa tuta ni wake. Tena kipande kimoja bwana mmoja. Hakigawanywi, kwa sababu tuta la wawili kila mmoja humtegea mwenzake.

Yashikeni vizuri hayo, maana ndiyo yaliyozaa ugomvi wote.

Basi palikuwa na mkulima, jina lake Wybren. Mtu wa miraba minne, mlango wowote aliuingia kwa kuinama. Mkewe aliitwa Jildou, mdogo wa umbo, mkubwa wa ulimi. Mbele za watu alimwita mumewe "dume langu la kulimia," na Wybren alicheka mpaka mabega yakatikisika. Nyumba yao ilikaa juu ya kilima kidogo kilichojengwa kwa mikono, kama nyumba nyingi za huko, ili maji yakija yawakute watu juu. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa na ng'ombe sita, kipande cha tuta, na walikuwa wanapendana.

Ikawa mtawala mmoja wa kigeni ameitamani nchi ile. Akaleta askari wa kukodi, akawaleta wengi, ila chakula chao hakukileta. Askari asiyelishwa hujilisha mwenyewe. Wakapita shamba hadi shamba, wakila na kuchoma. Siku waliyofika kwa Wybren, yeye alikuwa kwenye tuta na beleshi lake, anarudishia udongo ulioliwa na mawimbi. Akainua kichwa akaona moshi, moshi mwingi kupita wa kupikia. Akakimbia. Akawakuta ng'ombe sita wamesimama kwenye theluji, kamba zimekatwa. Huko ng'ombe na watu hulala chini ya paa moja. Jildou alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kuwafungulia. Ng'ombe walitoka. Yeye hakutoka.

Wybren alilia kwa sauti, mtu mzima yule, majirani wote wakasikia.

Sasa amzike wapi? Ardhi ilikuwa imeganda, kila anapopiga beleshi linadunda. Mahali pekee palipokuwa laini ni chini ya tuta, pale alipokuwa akichimbua asubuhi. Na kila mtoto wa Kifrisia anajua kwamba mguu wa tuta hauchimbwi shimo. Wybren alijua kuliko wengi. Akachimba. Akamlaza mkewe, akamfukia, akapanda juu ya tuta, akachomeka beleshi ili apate mikono miwili ya kufuta uso. Kisha akashuka, akaenda kuwatafuta wale askari, wala hakugeuka, kwa sababu nyuma yake palikuwa na kitu asichoweza kukitazama.

Beleshi likabaki limesimama.

Siku ya kwanza majirani wakaliona, wakapita. Siku ya pili wakaliona, wakasema, "Atarudi." Siku ya tatu upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kulilamba tuta, na wanaume wenye mashamba yao wakasimama mikono nyuma wakitazamana. Nani atake kazi ya tuta la mwenzake, na nyumba yenyewe majivu? Hapo akatokea Hiske. Hiske alikuwa mjane asiye na shamba, mkamuaji wa ng'ombe wa watu, mwanamke aliyekula masazo ya wenziwe tangu utotoni.

"Mnangoja nini," akawauliza, "bahari iwapigie hodi?"

Akaling'oa beleshi, akaanza kazi hapo hapo. Wapo walionung'unika kwamba mwenyewe yu hai, hajashindwa, amefiwa tu. Mzee Eelke, mkuu wa tuta, akawakata kauli: "Asiyekuwepo na lake halipo. Beleshi limesema, na mwanamke huyu amelijibu."

Wybren hana habari. Yeye alikuwa amekusanya wakulima waliochomewa kama yeye, wenye uma za nyasi na mapanga ya kutu, wakawa waasi. Mara ya kwanza waliwapiga askari. Mara ya pili waliwapiga. Mara ya tatu walikuja wapanda farasi, na safari hiyo wakapigwa wakulima, wakatawanywa kama kuku.

"Nchi kavu ni ya mwenye farasi," Wybren akawaambia waliobaki. "Twendeni pasipopita farasi."

Wakaingia baharini. Merikebu za Waholanzi, jirani zao, ndizo zilizowapelekea askari unga na baruti, basi Wybren akawa anazivizia na kuziteka. Mwaka wa kwanza, mabaharia aliowateka aliwapa mashua waende kwao. Mwaka wa pili aliwapa mbao za kushikilia. Mwaka wa tatu hakuwapa kitu, aliwatupa majini hivi hivi. "Mke wangu nani alimpa kitu?" alisema. Hapo mimi siwezi kumtetea, na nyinyi msijaribu. Aliowatupa nao walikuwa na wake zao. Lakini kumchukia pia nimeshindwa, kwa sababu ya jambo moja alilolifanya mwaka hata mwaka.

Kila vuli, kabla ya dhoruba, alivunja merikebu moja kati ya alizoteka, akazituma mbao zake nyumbani. "Zipelekeni kijijini kwetu," aliagiza, "mzishushe kwenye kipande changu. Watu wa tuta watazipigilia mguuni." Yeye alijiona bado mwenye tuta. Alidhani analitunza kwa mbali, kama mume aliyesafiri anavyotuma nguo nyumbani. Na mawazo yake yote, usiku na mchana, yalikuwa hayo: vita viishe, nirudi, nijenge tena juu ya kilima, nife, nizikwe karibu na Jildou. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Mwaka ule wa tatu aliteka merikebu iliyokuwa inavuja. Mwenyewe aliyeiunda alikuwa ndani, mzee wa Kiholanzi, pamoja na mwanawe Maarten, mwanamume wa miaka thelathini. Mzee alitupwa. Maarten alikuwa amepiga magoti chini, nyundo mkononi, anakalafati, yaani anajaza pamba na lami kwenye nyufa za mbao, na hata walipomwinua mkono wake ulikuwa bado unatafuta ufa.

"Huyo mwacheni," akasema Wybren. "Anayeziba nina kazi naye."

Miaka sita Maarten aliziba merikebu za mtu aliyemuua baba yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakupewa hata hizo mbili. Alikuwa mkimya, fundi kweli kweli, na polepole wakamwamini. Mwishowe ndiye aliyepelekwa na mbao kila vuli, kwa merikebu ile ile ya baba yake. Akizishusha, Hiske anazipokea na kuzipigilia. Walisalimiana, wakapeana maji ya kunywa, basi. Hiske hakumwambia kwamba beleshi limekwisha kung'olewa, na Maarten hakumwambia mbao zimetoka wapi. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Lipo na jambo jingine Hiske alilolijua. Alijua lilipo kaburi. Alipaona panabonyea kila mvua ikinyesha, na sheria ilimwagiza mwenye tuta afukue palipolegea, ajaze udongo wa mfinyanzi, aushindilie. Hiske alishika beleshi mara tatu kwenda kufukua, na mara tatu akarudi. "Ni mwanamke mwenzangu," alijiambia. "Nimtoe nimpeleke wapi? Mwakani." Mwakani ikawa mwakani tena.

Vuli ya mwaka wa tisa ikaja dhoruba ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Saa sita mchana maji yalikuwa yamefika juu ya tuta, na tuta likapasuka. Lilipasukia wapi? Nyinyi mmeshajua. Lilipasukia kaburini.

Hiske akapiga kelele, kijiji kizima kikaja. Wakatupa udongo, ukaenda. Wakatupa majani makavu, yakaenda. Wakang'oa milango ya nyumba wakatupa, Hiske akatupa na kitanda chake, vyote vikaenda. Pengo likawa pana kama geti la ng'ombe, kisha kama nyumba.

Na hapo nje, mwendo mfupi tu, ni Maarten kwenye merikebu ya baba yake, na mbao za mwaka ule, na mabaharia wawili wa Wybren, wagonjwa wasioweza kusimama. Hapana mlinzi. Upepo ulikuwa wa kumfikisha kwao Uholanzi kabla ya giza kuingia. Akaliona pengo. Akautazama upepo. Akaliona tena pengo, watu wanakimbia huku na huku. Akashika usukani asijue aupeleke wapi, akasimama hivyo kwa muda wa mtu kula mlo wake. Katika muda huo maji yaliichukua nyumba ya bondeni, na mzee Oene na mkewe wakafa humo.

Kisha Maarten akageuza usukani. Akaiingiza merikebu pengoni kwa ubavu, ikakwama, akashuka ndani na shoka akaitoboa sakafu aliyoikalafati kwa mikono yake. Merikebu ikajaa, ikakaa chini kwa uzito wake, ikaziba. Kijiji kikaifukia kwa udongo mpaka juu. Wale wagonjwa wawili walitolewa hai, na nchi ikapona.

Maji yalipopwa, Hiske alikwenda akaiokota mifupa ya Jildou iliyosombwa hadi shambani, akaiosha, akaizika upya juu ya kilima cha nyumba. Hakumwomba mtu msaada.

Majira ya kuchipua, Wybren akarudi. Watu wake walikuwa wameisha, mmoja mmoja, na kifua chake kilikuwa kinatema damu. Alikuja kwa miguu. Akaona moshi unatoka kilimani, moshi wa kupikia, akafurahi kwanza kabla ya kukumbuka kwamba hakuna wa kumpikia. Akamkuta mwanamke anakamua.

"Hapa ni kwa nani, mama?" akauliza.

"Ni kwangu," Hiske akajibu, kisha akainua uso akamwona alivyo mrefu, na maziwa yakamwagika. "Karibu, Wybren."

"Beleshi langu liko wapi?"

"Lilikuwa limesimama."

 Miaka tisa Wybren hakuwahi kulikumbuka lile beleshi. Sasa alikumbuka alivyolichomeka, na kwa nini, akakaa chini kwenye maziwa yale yale. Hiske akampa kitanda. Akamwambia, "Lala hapa mpaka ufe, sikufukuzi." Lakini juu ya kilima hazikwi ila mwenye tuta na watu wa nyumba yake, wa damu au wa ndoa. Mtumishi, mgeni, mpangaji, hao huzikwa kanisani, mwendo wa nusu siku. Jildou aliruhusiwa kwa kuwa alikufa mke wa mwenye tuta. Wybren sasa ni nani?

Nawaona wale mnaonong'ona, "Si waoane tu!" Kila nikifika hapa hamkosekani wapenda harusi. Eelke alimwuliza Hiske hilo hilo. Hiske akasema, "Niliwahi kuolewa, mzee. Nilipokea amri miaka kumi na moja. Shamba hili ndilo jambo la kwanza nililolifanya bila kuulizwa nimemwomba nani ruhusa." Mkamwoze basi.

Kesi ikaenda kwenye tuta, na Maarten, aliyekuwa amebaki kijijini tangu dhoruba, naye akaja kudai. Kikao cha huko hukaa juu ya tuta lenyewe, watu wima, upepo usoni, maji yakiwa yametoka. Na hukumu sharti itoke kabla maji hayajarudi kugusa mguu wa tuta, la sivyo wabishi wale wangebishana mpaka Krismasi. Eelke akalichomeka beleshi mbele yake.

"Nitamtaja mmoja," akasema, "naye atalichukua. Semeni."

Wybren akasema, "Sikulichomeka kwa kushindwa. Nililichomeka nipanguse machozi. Shamba ni la babu yangu. Askari hawakurudi hapa miaka tisa, mmelima mkavuna. Ni nani aliyewashikisha njaa askari hao kutoka baharini? Na mbao zilizoko mguuni mwa tuta hili nilizituma mimi, kila vuli, sikukosa hata moja."

Hiske akasema, "Alizituma, nilizipigilia mimi. Mbao haijipigilii. Nimebeba udongo miaka tisa, angalieni mgongo wangu. Siku tatu lilisimama beleshi hili, nanyi wote mlikuwapo, nanyi wote mlikuwa na mikono. Au sheria ni yetu siku ya kazi tu, siku ya kugawa ni ya wenye babu?"

Maarten akasema, "Tuta lilivunjika. La huyu bwana lilivunjika, na la huyu mama lilivunjika. Lililosimama leo limesimama juu ya merikebu ya baba yangu. Kwetu sina mtu, mama alikufa akitungoja. Baba sina kaburi lake. Mbao hizi ndizo alizozichonga, ndizo pekee zilizobaki zake. Na sheria yenu humfukuza mgeni asiye na tuta mwaka ukipita. Mwaka wangu unaisha vuli hii."

Eelke akawageukia wote watatu. Kisha akauliza, "Nani alichimba mguu wa tuta?"

"Mimi," akasema Wybren.

"Nani alijua akanyamaza?"

"Mimi," akasema Hiske.

"Nani aliona pengo akakawia, mzee Oene akafa na mkewe?"

Hakuna aliyemshtaki Maarten kwa hilo; Eelke mwenyewe alikuwa akikisia tu, kwa kuwa aliiona merikebu imesimama nje. "Mimi," akasema.

Maji yakawa yanarudi. Wybren akamgeukia yule fundi. Miaka sita alikuwa amekula naye, amemtuma, amemwita "wewe."

"Baba yako aliitwa nani?" akamwuliza.

"Gerrit."

"Gerrit," Wybren akalirudia, na machozi yakamtoka, tena hakuyafuta. "Nilikuwa sijauliza. Hata mmoja wao sikumwuliza." Akakohoa, akashika kifua. "Ningekuambia kitu, Maarten, lakini chochote nitakachosema ni kidogo. Na bado nataka kulala karibu na mke wangu. Nimejaribu kuacha kutaka. Nimeshindwa."

"Na mimi baba yangu nimwache tena majini?" akasema Maarten.

"Na mimi niende wapi?" akasema Hiske. "Nirudi kukamua ng'ombe wa nani?"

Povu la kwanza likagusa mguu wa tuta. Eelke akalishika beleshi, akafungua kinywa, akataja jina moja, na watu wakatawanyika wakienda kazini kwao. Jina hilo ninalijua, na siwaambii hata mkininunia. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na kila nikilipokea kwa moyo mmoja, nawakumbuka wale wawili waliobaki wamesimama pale juu, mikono mitupu.

Basi mzigo ni wenu, na maji hayawangoji. Aliyelichomeka beleshi, aliyeling'oa, na aliyeliziba pengo: je, nani alistahili kupewa?